Unataka kujua Wakatoliki wanaamini nini? Anza na Misa ya Dominika (uzi mrefu: imani, Biblia na maadili)

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Kwaresima ikikaribia maswali yaleyale hurudi humu jukwaani. Mbona Biblia yenu ina vitabu vingi? Mbona mnaungama kwa binadamu mwenzenu? Mbona mnapigia sanamu magoti? Toharani mmeitoa wapi? Mmoja anajibu kwa mstari wa Biblia, mwingine anarusha mstari wa kumpinga, na kurasa kumi baadaye aliyeuliza kwa nia njema hajaambulia kitu. Mimi ni katekista, nafundisha wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, na naona tatizo liko kwenye mahali pa kuanzia.

Wengi huanza na makatazo: Wakatoliki hawaruhusu hiki, hawaruhusu kile. Wengine wanaambiwa wasome Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu rasmi cha mafundisho yetu. Hiyo ni hazina kweli. Yohane Paulo II aliitangaza mwaka 1992, ina sehemu nne (Kanuni ya Imani, sakramenti, maisha katika Kristo, sala) na aya 2,865. Lakini ni kitabu cha kurejea unapokuwa na swali. Mgeni akikianza ukurasa wa kwanza atachoka mapema.

Ushauri wangu ni huu: nenda Misa ya Dominika, kaa benchi la nyuma, usikilize. Kanisa linachoamini, linavyosoma Maandiko na linavyotaka watu waishi, vyote vinasemwa au vinatendwa pale kwa saa moja na nusu hivi. Na utaratibu ni uleule, uwe Songea, Kisumu, Bukavu au Muscat.

Angalia mwanzo tu. Padri anafanya ishara ya msalaba: "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mafumbo mawili makubwa yameshatajwa kabla hujakaa sawasawa, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu, na wokovu uliopatikana msalabani. Kisha watu wote, padri akiwemo, wanakiri: "Nimekosa mno kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu." Hilo la mwisho lishikeni, nitalirudia kwenye maadili, maana linabeba mzigo mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Baada ya hapo masomo, mahubiri, Nasadiki (Kanuni ya Imani), maombi ya waamini, vipaji, mageuzo (mkate na divai kuwa Mwili na Damu ya Kristo), Baba Yetu, Komunyo (kupokea Mwili huo), na kutumwa: nendeni na amani. Nitapita humo taratibu. Ulizeni tu, nitajibu kadiri ya muda.

#2 Mleta uzi

Nianze na Nasadiki, kwa sababu ndiyo mifupa ya imani.

Ile ndefu inayosaliwa Dominika ilitungwa katika mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea mwaka 325, ikakamilishwa Konstantinopoli mwaka 381. Haikutungwa na watu waliokuwa na muda wa kupoteza. Padri mmoja wa Aleksandria, Ario, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, bora kuliko viumbe vyote lakini kiumbe, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwepo. Fundisho lilienea haraka kwa sababu lilionekana linaeleweka. Maaskofu waliona hatari yake: kama Yesu ni kiumbe, basi msalabani Mungu hakutupa nafsi yake, alimtuma mtu mwingine akafe. Ndiyo sababu tunasema mpaka leo "Mungu kweli kwa Mungu kweli, aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Kila neno pale liliwekwa kwa mapambano. Athanasi, aliyekuja kuwa askofu wa Aleksandria, alifukuzwa jimboni mwake mara tano kwa kulitetea fundisho hilo.

Kwa hiyo kiini ni hiki: Mungu mmoja, muumba wa vyote, Mwana wake wa milele alitwaa mwili kwa Bikira Maria, akateswa mamlakani kwa Ponsyo Pilato, akafa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, Roho Mtakatifu anatoa uzima, kuna Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume, kuna ubatizo mmoja, ufufuko wa wafu na uzima wa milele.

Tazameni jina la Pilato limeingiaje. Gavana wa Kirumi, mtu wa serikali, anatajwa na mamia ya mamilioni ya watu kila wiki. Kanisa linasema imani yake haielei hewani: mambo haya yalitokea katika mji fulani, chini ya utawala fulani, na kulikuwa na mashahidi.

Na tazameni kisichokuwemo. Hakuna sheria hata moja katika Nasadiki. Kabla ya kuambiwa ufanye nini, unaambiwa Mungu amefanya nini. Anayeanza kuwafundisha watu Ukatoliki kwa orodha ya dhambi amegeuza mpangilio wa Kanisa lenyewe.

#3 Mchangiaji

Mleta uzi, asante kwa utulivu. Mimi ni Mlutheri, mchumba wangu ni RC. Nina swali la siku nyingi: kwa nini Biblia yenu ina vitabu 73 na yetu 66? Nani aliongeza, nani alipunguza? Na kama mnaamini Biblia, Mapokeo ya nini tena?

#4 Mleta uzi

Kaka, swali zuri na hongera kwa uchumba.

Agano Jipya tunafanana, vitabu 27. Tofauti iko Agano la Kale: sisi 46, ninyi 39. Vilivyozidi ni saba: Tobiti, Yudithi, Wamakabayo wa kwanza na wa pili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku, pamoja na sehemu fulani za Esta na Danieli. Tunaviita Deuterokanoni.

Wakristo wa kwanza wengi walizungumza Kigiriki, na Agano la Kale walilolitumia ni tafsiri ya Kigiriki iliyofanywa na Wayahudi kabla ya Kristo, ile ya Sabini. Humo vitabu hivi vilikuwemo. Mitaguso ya Afrika Kaskazini, Hipo mwaka 393 na Kartago mwaka 397, ilitoa orodha inayovihesabu. Nitakuwa mkweli kwako: si wote waliotulia. Mtakatifu Jeromu, mtafsiri mkubwa wa Biblia ya Kilatini, alivionea shaka kwa kuwa havikuwa katika Biblia ya Kiebrania. Martin Luther alipotoa Biblia yake nzima mwaka 1534 alivikusanya kati ya Agano la Kale na Jipya, akasema havilingani na Maandiko ila vinafaa kusomwa. Mtaguso wa Trento ukafunga mjadala kwa upande wetu mwaka 1546. Hata ile ya Kiingereza ya mfalme James, mwaka 1611, ilichapishwa navyo. Kwa hiyo anayesema Wakatoliki waliviongeza Trento hajasoma historia, na anayesema Luther alivichana akavitupa naye hajaisoma.

Hasara ya kuvikosa utaiona kwenye maisha. Ukija mazishini kwetu mara nyingi utasikia Hekima sura ya 3, kwamba roho za wenye haki zimo mikononi mwa Mungu. Kwenye ndoa wapo wanaochagua sala ya Tobia na Sara usiku wa arusi yao, Tobiti sura ya 8, na mimi naona hakuna sala ya wanandoa inayoishinda. Wamakabayo wa pili sura ya 12 ina Yuda Mmakabayo akikusanya mchango ili itolewe sadaka Yerusalemu kwa ajili ya wenzake waliokufa vitani. Hapo ndipo penye mzizi mmoja wa kuwaombea marehemu, na fundisho la toharani limesimama juu ya desturi hiyo: aliyekufa katika neema ya Mungu lakini bado ana madoa hutakaswa kabla ya kumwona Mungu. Toharani si nafasi ya pili kwa aliyemkataa Mungu. Waliomo wameshaokoka.

Kuhusu Mapokeo, yaani mafundisho ya mitume yaliyopokezanwa katika Kanisa. Miaka mingi ya mwanzo Kanisa lilibatiza, liliumega mkate na kufa kifodini bila Agano Jipya lililokusanywa. Paulo anawaambia Wathesalonike washike mapokeo waliyofundishwa "kwa maneno au kwa barua yetu" (2 Thes 2:15). Na orodha ya vitabu vya Biblia haimo ndani ya Biblia. Tumeipokea kwa Kanisa lililokuwa likivisoma ibadani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilieleza hili mwaka 1965 katika hati ya Ufunuo wa Mungu: Maandiko na Mapokeo yanatoka chemchemi moja, na mamlaka ya kufundisha ya Papa na maaskofu haiko juu ya Neno la Mungu, inalitumikia.

Hati hiyohiyo inafundisha kuangalia aina ya maandishi. Zaburi ni shairi, Wafalme ni historia, mifano ya Yesu ni mifano. Ndiyo maana Kanisa halimlazimishi mtu kuamini dunia iliumbwa kwa siku sita za saa 24. Georges Lemaître, mmoja wa wanasayansi wa kwanza kueleza kwamba ulimwengu unapanuka (mwaka 1927), alikuwa padri wa Ubelgiji.

Wanaosema Wakatoliki hawasomi Biblia, waje Misa miaka mitatu mfululizo. Kila Dominika kuna somo la kwanza, zaburi, somo la pili na Injili. Mwaka A tunakwenda na Mathayo, mwaka B Marko, mwaka C Luka, na Yohane anajaza hasa majira ya Pasaka. Lakini nakubali uvivu wetu upo: wengi wanaisikia kanisani na hawaifungui nyumbani. Jeromu huyohuyo alisema kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo, na Vatikano wakalinukuu hilo kwa waamini wote. Jumuiya ndogondogo zetu zingelichukua kwa uzito, na mkutano wa jumuiya usiishie kwenye michango.

#5 Mchangiaji

Asalaam aleykum wanajukwaa. Mimi Mwislamu, nimekua na majirani Wakatoliki, hatujawahi kukosana. Nauliza kwa heshima. Mnasema Mungu mmoja, kisha Baba, Mwana na Roho. Na Bi Maryam mnamwomba. Na sanamu mnazipigia magoti. Hivyo vinakaaje pamoja na Mungu mmoja?

#6 Mleta uzi

Waaleykum salaam ndugu yangu. Nakujibu kama ningemjibu jirani yangu barazani.

Maneno ya kwanza ya Nasadiki ni "Nasadiki kwa Mungu mmoja." Hatuhesabu miungu mitatu. Tunasema Mungu huyo mmoja, katika umoja wake, ni Baba, Mwana na Roho, na tunakubali kwamba akili haifiki mwisho wa jambo hili. Tusingelifahamu kama Yesu asingelifunua. Kumwita Mwana hakuna maana ya kwamba Mungu alioa au alizaa kwa mwili. Mkristo anayewaza hivyo yuko nje ya imani ya Kanisa. Na Maria hayumo katika Utatu. Ni kiumbe, binti wa watu, aliyekombolewa na Mwanaye kama sisi.

Najua wewe na mimi hapa tunaachana, na sitakuficha kwamba kwangu ndipo uzima ulipo. Ila ujue pia kwamba Kanisa, katika tamko la mwaka 1965 kuhusu dini zisizo za Kikristo, lilisema linawaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja, aliye hai, mwenye rehema, na likawataja wanavyomheshimu Maria.

Maria sasa. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria ni Injili ya Luka sura ya kwanza: salamu ya malaika na maneno ya Elizabeti. Nusu ya pili inasema "utuombee sisi wakosefu." Ombi ndilo hilo, atuombee. Jina "Mama wa Mungu" lilithibitishwa Efeso mwaka 431, na shabaha ilikuwa Yesu: aliyezaliwa na Maria ni nafsi moja, Mungu kweli na mtu kweli, hakugawanyika. Kanisa linafundisha pia kwamba alikingiwa dhambi ya asili tangu kutungwa kwake mimba (lilitangaza rasmi 1854) na kwamba alipalizwa mbinguni mwili na roho (1950).

Ukitaka kupima kama tunamwabudu, tazama sadaka. Kwetu tendo la juu la ibada ni sadaka ya Misa, na Misa hutolewa kwa Mungu tu. Hakuna padri anayetoa Misa kwa Maria, kwa Antoni wa Padua wala kwa mfiadini yeyote. Tunawataja, tunaomba watuombee, tunafurahi nao, lakini sadaka ni ya Mungu.

Sanamu: mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulisema heshima ipewayo picha inamwendea anayeonyeshwa, na kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Mkatoliki akitegemea ile plasta yenyewe imfanyie jambo, anatenda dhambi dhidi ya amri ya kwanza, na katekista wake ana kazi ya kumrekebisha.

#7 Mleta uzi

Nimefika mahali ambapo ningependa nikae muda mrefu zaidi: Ekaristi.

Katika Yohane sura ya 6 Yesu anasema mwili wake ni chakula kweli na damu yake ni kinywaji kweli. Watu wananung'unika, wanafunzi wengi wanaondoka. Hawaiti warudi awaambie walikuwa wamemwelewa vibaya. Anawageukia wale Kumi na Wawili na kuwauliza kama nao wanataka kwenda. Kanisa limelichukua neno hilo kama lilivyosemwa. Kwenye mageuzo, kwa maneno ya Kristo na kwa nguvu ya Roho Mtakatifu, mkate na divai vinakuwa Mwili na Damu yake. Kinachoonekana na kuonjwa kinabaki vilevile. Kilichopo ni Kristo mzima.

Mengine yote unayoyaona yanatoka hapo. Taa inayowaka karibu na tabernakulo (kisanduku kinachotunza Ekaristi), watu kupiga goti wakiingia, hostia iliyobaki kutunzwa apelekewe mgonjwa nyumbani, na hata ile sheria inayowaumiza wageni kwamba asiye Mkatoliki kwa kawaida hapokei Komunyo. Kupokea ni kusema Amina kwa yote: kwamba huyu ni Kristo, na kwamba nina umoja na Kanisa hili. Paulo anawaonya Wakorintho mtu ajihoji kwanza (1 Kor 11:28), na sheria hiyo inatubana sisi kabla ya wageni. Mkatoliki mwenye dhambi ya mauti anatakiwa aungame kwanza.

Sakramenti ziko saba: Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi, Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, Daraja Takatifu na Ndoa. Hizo sita nyingine zote zinaelekea kwenye Ekaristi au zinatoka kwake. Mpako wa Wagonjwa nauombea nafasi kidogo: tafadhali msisubiri mgonjwa awe hajitambui ndipo mmwite padri. Ni sakramenti ya mwenye ugonjwa mzito au mzee aliyedhoofika, apate nguvu. Anaweza kuipokea akapona, akaipokea tena siku nyingine.

Kuungama kwa padri: Yesu mfufuka aliwavuvia mitume akawaambia wawaondoleao dhambi wataondolewa (Yoh 20:22-23). Padri hasamehi kwa jina lake, na yeye huungama kwa padri mwingine. Papa pia huungama. Siri ya kitubio haina mlango wa nyuma. Padri akiivunja moja kwa moja anakuwa ametengwa na Kanisa papo hapo, na hakuna polisi, mahakama wala askofu anayeweza kumruhusu aseme.

#8 Mchangiaji

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi na baba yao, hatujafunga ndoa kanisani. Jumuiya nahudhuria, michango natoa, lakini Komunyo siruhusiwi. Kuna mama kaniambia mimi si Mkatoliki tena. Ni kweli?

#9 Mleta uzi

Marahaba mama. Si kweli, na aliyekuambia hivyo amekosea. Ubatizo haufutiki. Wewe ni Mkatoliki, Misa ni yako, Rozari ni yako, watoto wako wana haki ya kubatizwa na kufundishwa. Hukutengwa.

Kwa nini basi hupokei? Kwa sababu kwetu ndoa ya wabatizwa ni sakramenti. Paulo katika Waefeso sura ya 5 anaifananisha na Kristo na Kanisa lake, agano lisilorudishwa nyuma. Kuishi kama mume na mke kabla ya agano hilo kunapingana na kile Ekaristi inachosema. Kanisa halidharau upendo wenu. Linataka mlichonacho kikamilike.

Na hapa nitasema kwa nguvu kidogo. Wengi walio kama wewe hawazuiwi na sheria ya Kanisa, wanazuiwa na ukumbi, suti, kamati ya harusi na mahari ambayo haijaisha. Sheria ya Kanisa haidai sherehe. Inadai mtu mume na mtu mke walio huru, wanaokubali kwa hiari, mbele ya padri au shemasi mwenye ruhusa na mashahidi wawili. Mtafundishwa, yatasomwa matangazo, na mnaweza kufunga ndoa Misa ya asubuhi siku ya kawaida mkarudi nyumbani kupika pilau la watu kumi. Nenda ofisi ya parokia na baba watoto, mkaongee na padri. Kama mmoja wenu aliwahi kufunga ndoa na mtu mwingine, mweleze padri wazi, kwa sababu hapo kuna utaratibu wa mahakama ya Kanisa kuchunguza kama ndoa ile ilikuwa halali. Na wazee wa ukoo wanaosoma hapa: kumzuilia binti sakramenti kwa ajili ya ng'ombe waliobaki ni jambo mtakaloulizwa na Mungu.

#10 Mleta uzi

Maadili kwa ujumla, kwa kuwa wengi mmeomba.

Amri ni kumi, na tunazihesabu kwa mpangilio wa Mtakatifu Augustino: katazo la sanamu liko ndani ya amri ya kwanza, na kutamani kumegawanywa mbili, mke wa mwenzio na mali ya mwenzio. Maandiko ya Kutoka 20 ni yaleyale, namba tu zinapishana na za ndugu zetu Waprotestanti wengi. Hakuna amri iliyofichwa.

Ili dhambi iwe ya mauti yanatakiwa mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue kuwa ni zito, na akubali kwa hiari kamili. Nalisema hili kwa ajili ya watu wenye hofu wanaoona dhambi ya mauti kila kona, na kwa ajili ya wale wanaodhani hakuna kitu kizito tena. Dhamiri ndiyo hukumu ya ndani na lazima ifuatwe, lakini kwanza ilelewe, maana dhamiri isiyofundishwa inaweza kupotea bila kujua.

Amri ya kwanza kwetu huku ina jaribu lake. Mtu anabatizwa, anapokea Kipaimara, biashara ikiyumba anakwenda kwa mganga kupigiwa ramli na kuvaa hirizi. Katekisimu inakataa uaguzi, uchawi na hirizi bila kona. Dawa ya mizizi anayotoa mzee anayejua miti haina shida, ni dawa. Shida inaanza pale unapoambiwa nani kakuroga na umfanye nini. Familia ngapi zimevunjika, wazee wangapi wameuawa kwa macho mekundu, kwa sababu ya neno la mpiga ramli? Hilo ndilo eneo ambalo mafundisho yetu yangeokoa damu kama tungeyahubiri kwa nguvu tunayoihubiria michango.

Uhai: Kanisa linaulinda tangu kutungwa mimba mpaka kifo cha kawaida. Utoaji mimba ni dhambi kubwa, na aliyeifanya anasamehewa akitubu. Hilo la pili tulitamke kwa sauti ileile tunayotamkia la kwanza. Mwaka 2018 Papa Fransisko alibadili aya ya Katekisimu kuhusu adhabu ya kifo: sasa inasema haikubaliki, kwa kuwa hata mhalifu hapotezi hadhi yake. Uzazi: Paulo VI mwaka 1968 alifundisha kwamba tendo la ndoa lisitenganishwe na uwazi kwa uhai, kwa hiyo njia za asili za kupanga uzazi zinaruhusiwa, vidonge na vingine vya kuzuia mimba haviruhusiwi. Ni fundisho gumu, na wanandoa wengi hawakufundishwa vizuri njia hizo za asili. Waulizeni wahudumu wa afya wa jimbo kabla ya kukata tamaa.

Sasa lile neno la mwanzo wa Misa, "kwa kutotimiza wajibu." Katika Mathayo 25 waliohukumiwa hawatajwi kuua wala kuiba. Walimwona mwenye njaa, mgonjwa, mgeni, mfungwa, na hawakufanya kitu. Katekisimu inataja dhambi zinazolia mbinguni, na mojawapo ni kumdhulumu mfanyakazi ujira wake, maneno ya Yakobo sura ya 5. Kwa hiyo mama anayepokea Komunyo kila Dominika huku dada wa kazi hajalipwa miezi mitatu, na baba aliye mwenyekiti wa parokia anayechelewesha faili mpaka apewe bahasha, wana jambo zito la kuungama. Mafundisho ya jamii ya Kanisa yana mizizi mirefu: Leo XIII mwaka 1891 alitetea ujira wa haki na haki ya wafanyakazi kuungana, na Papa wa sasa, Leo XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alichagua jina hilo hasa kwa sababu ya huyo.

Ukitaka kuona imani na maadili vikiwa kitu kimoja, soma habari za Mashahidi wa Uganda. Karoli Lwanga alikuwa mkuu wa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, akawalinda wasitumiwe kwa tamaa za mfalme. Mei 1886, walipojua kifo kimefika, aliwabatiza mwenyewe wakatekumeni waliokuwa hawajabatizwa, akiwemo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Waanglikana waliuawa pamoja nao, na Paulo VI aliwakumbuka alipowatangaza mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda kuwa watakatifu mwaka 1964. Wale vijana hawakuwa na Katekisimu ya aya 2,865. Walikuwa na Baba Yetu, Amri na Nasadiki.

#11 Mchangiaji

Ni mimi Mlutheri wa #3. Nimesoma yote. Nikitaka kuingia nifanyeje, nitabatizwa upya? Na nisipotaka kuhama, ndoa inawezekana?

#12 Mleta uzi

Kaka, hutabatizwa upya. Ubatizo wa Kilutheri, kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, tunautambua, na ubatizo haurudiwi. Utafundishwa kwa muda utakaopangwa na parokia, utaungama, utakiri imani ya Kanisa Katoliki, utapokea Kipaimara na Ekaristi. Asiyebatizwa kabisa ndiye anayeingia ukatekumeni na kwa kawaida anabatizwa mkesha wa Pasaka.

Ukibaki Mlutheri ndoa inawezekana pia. Ni ndoa mseto, inahitaji ruhusa ya askofu, na padri ndiye anayeiombea. Mchumba wako ataahidi kuitunza imani yake na kufanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa Katoliki. Wewe utaarifiwa ahadi hiyo, hutalazimishwa kuhama. Usihame kwa ajili ya harusi. Nimewaona waliohama kwa haraka wakaacha kusali kabisa baada ya mwaka. Fundishwa kwanza, uamue kwa dhamiri yako.

Nenda na cheti chako cha ubatizo, na mwende wawili. Kama cheti kimepotea, omba nakala usharika ulikobatizwa kabla ya kwenda, maana bila hicho hata matangazo hayataanza.